Tumbo la Ng'ombe Kabla ya Mfuko wa Virutubisho

Hotuba kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, maafisa mifugo, wazee wetu, kina mama na vijana mliotoka Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, Bahi na hapa mjini: mbukwenyi.

Tuko katikati ya kiangazi. Mvua ziliisha Aprili, na mpaka Desemba hatutegemei jani bichi la maana. Majira haya maduka ya dawa za mifugo hujaa watu wenye swali moja: "Ng'ombe ameshuka maziwa, nimpe nini?" Muuzaji anatoa mfuko wa madini, chupa ya vitamini, pakiti ya hamira ya mifugo. Mfugaji analipa, anarudi nyumbani, na wiki mbili baadaye maziwa ni yale yale. Hela imetoka na samadi.

Tunalosema leo ni hili: kirutubisho hufanya kazi ndani ya tumbo lenye afya tu. Kwa hiyo tutaanza na tumbo, tena tutakaa hapo kwa muda, ndipo tufike kwenye mifuko.

Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuligeuza bua la mtama likawa maziwa. Kazi hiyo inafanywa na vijidudu vinavyoishi kwenye rumeni, lile tumbo kubwa linalojaza upande wote wa kushoto. Kwa ng'ombe mkubwa rumeni hubeba lita 100 na zaidi, nusu ya pipa lile la lita 200. Ndani yake kunachacha usiku na mchana, kama pombe ya mtama. Vijidudu vinavunja nyuzi za majani na kutoa asidi ambazo ng'ombe huzifyonza akapata nguvu. Navyo vikisukumwa kwenda matumbo yanayofuata humeng'enywa, vikawa protini yake. Ukimlisha ng'ombe, wa kwanza kula ni hao.

Vijidudu vya kuvunja nyuzi havipatani na uchachu mkali. Kwa kipimo cha pH, ambacho namba ikishuka uchachu umepanda, rumeni nzuri iko kati ya 6.0 na 6.8. Ikikaa chini ya 5.8 kwa saa nyingi kila siku, kazi ya kuvunja nyuzi inazorota. Ikifika 5, ng'ombe yuko hatarini kufa. Kinachozuia uchachu usizidi ni mate. Ng'ombe mkubwa anayecheua vizuri humeza zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, na mate hayo yana bikaboneti inayopoza asidi. Mate huja kwa kutafuna, na kutafuna huja kwa majani marefu.

Hapo ndipo wengi tunapoharibu, tena kwa nia njema. Mabua ya mahindi na mtama yanapelekwa kwenye mashine yenye chekeche ndogo, yanatoka unga. Inapendeza kuona hori likibaki tupu, hakuna bua lililokataliwa. Lakini unga ule unazama na kupita haraka kabla vijidudu havijaumaliza. Majani marefu ndiyo yanayoelea juu ya maji ya rumeni kama mkeka, yanakuna kuta za tumbo, na mkuno huo ndio unaomfanya ng'ombe arudishe tonge mdomoni na kucheua. Pasipo mkeka, hacheui. Asipocheua, hana mate. Na pumba utakazompa jioni zinakuta tumbo limeshachacha. Katakata mabua vipande vya sentimita 2.5 hadi 5, yaani kiungo kimoja cha kidole hadi viwili. Mashine yako ikiwa na chekeche, weka yenye matundu makubwa au iondoe kabisa. Mabaki machache kwenye hori yasikuudhi: ng'ombe anachagua majani laini na kuacha vigogo, na uchaguzi huo ni haki yake.

Kosa la pili ni la asubuhi. Ng'ombe amelala bila majani tangu saa mbili usiku. Saa kumi na moja alfajiri mkamuaji anamwekea ndoo ya pumba ili atulie wakati wa kukamuliwa. Wanga wa pumba, hasa zenye chenga nyingi, unachachuka upesi mno kwenye tumbo tupu lisilo na mate. Dawa yake haina gharama: mpe kilo moja au mbili za hei (nyasi zilizokaushwa) au mabua nusu saa kabla ya pumba. Jioni fanya vivyo hivyo. Na kwa mlo mmoja usipitishe kilo 2 za chakula cha ziada kama pumba. Anayestahili kilo 6 kwa siku apewe mara tatu.

Kosa la tatu ni pupa. Mfugaji amepata gunia la pumba Kibaigwa kwa bei nzuri, na kesho yake ng'ombe aliyezoea kilo moja anapata nne. Vijidudu vinahitaji wiki mbili hadi tatu kubadilika kufuatana na chakula, na kuta za rumeni zinahitaji zaidi ya hapo. Ongeza nusu kilo kila baada ya siku mbili au tatu. Na ng'ombe akivunja stoo akala mahindi ya punje, usimngoje aonekane mgonjwa. Toa nafaka yote, mwekee hei, ita daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, kwa sababu dalili kubwa hutokea kati ya saa 12 na 36 baadaye: kuhara kwa uvundo mchachu, kuyumba, macho kuzama ndani. Zikishaonekana zote, mara nyingi umechelewa.

Sasa utajuaje hali ya tumbo bila maabara? Kuna mambo matatu, na yote unayafanya kwa macho na mikono.

La kwanza ni kucheua. Nenda bandani zikiwa zimepita saa mbili tangu ulishe, ng'ombe wakiwa wamepumzika. Zaidi ya nusu yao wawe wanacheua. Chagua mmoja, hesabu anatafuna mara ngapi tangu tonge linapopanda shingoni mpaka analimeza. Kati ya 50 na 70 ni vizuri. Akitafuna mara 35 na kumeza, majani yake ni mafupi au ni machache. Mwenye ng'ombe mmoja ampimie matonge matano, kwa siku mbili tofauti.

La pili ni ubavu wa kushoto. Nyuma ya mbavu ya mwisho, chini ya uti wa mgongo, kuna kishimo. Bonyeza ngumi hapo, iache itulie. Utasikia tumbo likijikunja na kuisukuma ngumi polepole, mara moja au mbili kwa dakika. Dakika mbili zikipita bila msukumo wowote, pana tatizo. Kishimo kikiwa kimebonyea sana asubuhi, hakula usiku. Kikiwa kimejaa na kulia kama ngoma ukikigonga, hiyo ni gesi.

La tatu ni kinyesi, na hapa tunawaomba msione kinyaa. Kinyesi kizuri hutua chini na sauti ya "plopu", kinakaa kimo cha sentimita 3 au 4, na katikati kina kishimo kidogo. Kikitawanyika kama uji mwepesi chenye povu, tumbo limechachuka au pumba zimezidi. Kikisimama kama ngazi, kikavu, anakosa maji au protini. Halafu kioshe. Chukua kinyesi kibichi kinachojaa viganja viwili, weka kwenye chujio la jikoni la zamani, mwagia maji taratibu mpaka yatoke masafi. Angalia kilichobaki. Nyuzi fupi chini ya sentimita moja na nusu ni kawaida. Ukiona vipande virefu vya bua, chakula kimepita bila kuvunjwa. Ukiona punje nzima, nafaka haikuparazwa. Na ukiona vipande vya utando mweupe unaovutika kama ngozi ya utumbo, hiyo ni dalili kwamba uchachu umefika hadi utumbo mpana, na utumbo unajikinga. Ng'ombe huyo asiongezewe pumba hata gramu moja.

Ndugu wafugaji, tuje kwenye virutubisho vyenyewe.

Mabua ya mahindi yana protini asilimia 3 hadi 5 tu. Vijidudu vinahitaji angalau 7 kwenye chakula chote ili vizaane na kufanya kazi. Ndiyo maana ng'ombe wa Oktoba anashinda na mabua mbele yake, tumbo limejaa, na bado anakonda. Tumbo limejaa kwa sababu haliwezi kumaliza kilichomo. Kirutubisho chake cha kwanza kwa kiangazi cha Dodoma ni protini, kabla ya vitamini ya chupa na kabla ya hamira.

Tuna bahati ya kuwa kwenye nchi ya alizeti. Mashudu ya Dodoma na Singida, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa mafuta, ni protini nzuri, lakini yana tabia mbili za kuangaliwa. Mashine zetu ndogo za kukamulia huacha mafuta mengi ndani ya mashudu, na mafuta yakizidi asilimia 6 ya mlo wote huzifunika nyuzi na kudhoofisha vijidudu. Pia mafuta hayo huchacha; mashudu ya miezi mitatu kwenye gunia la nailoni hunuka, na ng'ombe huyasusa. Nunua ya mwezi mmoja. Mchanganyiko unaofaa kwa kilo 100 ni huu: pumba za mahindi kilo 66, mashudu ya alizeti kilo 30, chokaa ya mifugo kilo 2, madini ya ng'ombe wa maziwa kilo 1, chumvi kilo 1. Unatoa protini kama asilimia 15 au 16. Chotara wa kilo 400 anayetoa lita 10 mpe kilo 4 za mchanganyiko huo kwa siku, pamoja na kilo 8 hadi 9 za hei au mabua yaliyokatwakatwa. Mwenye majani ya mlusina ayachanganye, mradi yasizidi theluthi moja ya mlo, maana yana sumu ya mimosini. Maganda ya mgunga nayo ni mazuri. Yaponde, la sivyo mbegu zitapita nzima.

Asiye na hela ya mashudu ana njia ya urea, ile mbolea ya shambani ambayo vijidudu huitumia kujitengenezea protini. Ni njia nzuri na ni njia inayoua, kwa hiyo tunaieleza polepole.

Kwa kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, tumia kilo 4 za urea ya shambani na lita 50 za maji. Tunajua ndoo mbili na nusu za maji ni gharama huku kwetu, lakini usipunguze: maji yakiwa machache, urea haigeuki amonia kwa usawa, na sehemu kavu huota ukungu. Chimba shimo, litandike nailoni nzito isiyo na tundu. Koroga urea hadi iyeyuke yote, usione chembe. Panga mabua kilo 20, mwagia lita 10 kwa kopo lenye matundu, kanyaga kwa miguu, panga tena. Funika, ziba kingo kwa udongo, acha siku 21. Ukifungua, mabua yatakuwa na rangi ya kahawia ya dhahabu na harufu kali itakayokutoa machozi. Yaanike kivulini usiku mmoja harufu ipungue, anza na kilo moja kwa siku, panda taratibu kwa wiki mbili. Sehemu yenye ukungu mweusi itupwe, usiichanganye.

Jiwe la kulamba la molasi na urea hutengenezwa hivi kwa kilo 10: molasi kilo 4, urea kilo 1, saruji kilo 1, chumvi nusu kilo, madini nusu kilo, pumba kilo 3. Molasi hutoka kwenye viwanda vya sukari vya Morogoro. Ponda mabonge ya urea, koroga ndani ya molasi bila kuongeza maji, tia chumvi na madini, halafu saruji, mwishoni pumba. Kamata kiganjani: likishika umbo bila kudondosha, liko tayari. Liweke kwenye ndoo ndogo, ligeuze, likauke kivulini wiki moja. Ng'ombe alilambe, asilitafune. Nusu kilo kwa siku inatosha. Likiwa laini kiasi cha kung'atika, saruji ilipungua, litengenezwe upya.

Urea huua kwa njia zinazojulikana. Jiwe limenyeshewa, maji yenye urea yamejaa kwenye sahani, ng'ombe ameyanywa. Au urea imewekwa kwenye maji ya kunywa makusudi. Au ng'ombe mwenye njaa ameachiwa jiwe bila majani tumboni. Ndani ya dakika 20 hadi saa moja anatetemeka, anatoa mate, tumbo linajaa, anaanguka. Siki ya kawaida lita 2 hadi 6 pamoja na maji baridi lita 20 au zaidi, akinyweshwa mapema, huweza kumwokoa. Ndama chini ya miezi 6 asipewe urea kabisa, wala punda.

Kuhusu madini tutakuwa wafupi kidogo. Kila lita ya maziwa hutoka na gramu 1.2 za kalsiamu na karibu gramu 0.9 za fosforasi. Pumba zina fosforasi ya kutosha na kalsiamu karibu hakuna, ndiyo sababu ya zile kilo 2 za chokaa. Mabua ya kiangazi yana fosforasi kidogo mno. Ng'ombe anayelishwa mabua matupu huanza kutafuna mifupa, kamba na nguo. Wengine husema ana wazimu. Ni njaa ya fosforasi. Mifupa ya mizoga inaweza kumletea sumu ya botulini, na mifuko ya plastiki, ambayo licha ya katazo la Juni 2019 bado imezagaa ya zamani, hufungamana tumboni ikawa donge lisilotoka. Unaponunua jiwe la kulamba, soma kibandiko. Mengi ni chumvi tupu yenye rangi. Fosforasi iwe asilimia 5 au zaidi, kalsiamu iwe juu ya fosforasi. Magadi ghafi ya sokoni yasichukuliwe kuwa madini: ni soda, mara nyingi yana floridi nyingi inayoharibu meno na mifupa, na kalsiamu na fosforasi unazozihitaji hayakupi. Na kwa ng'ombe aliyebakiza wiki tatu kuzaa, ondoa chokaa kwenye mchanganyiko. Mwili uliozoea kalsiamu nyingi ya bure husahau kuichota kwenye mifupa, na siku ya kuzaa homa ya maziwa inamwangusha.

Hamira ya mifugo na bikaboneti ni vitu vya kweli, havijazuliwa na wauzaji. Bikaboneti gramu 100 hadi 200 kwa siku humsaidia ng'ombe anayekula chakula cha ziada kingi, na hasa Oktoba na Novemba, maana ng'ombe anayehema kwa joto hucheua kidogo na kupoteza mate. Hamira hai husaidia kiasi kutuliza tumbo wakati wa kubadili chakula. Lakini kwa ng'ombe wa lita 8 anayekula mabua na kilo 3 za pumba, hela hiyo kanunulie hei. Nyasi za buffel zinazostawi Kongwa, zikikatwa zinapoanza kutoa maua, zinamfaa kuliko pakiti hizo zote.

Kuna jambo moja ambalo hatulisemi kwa upole. Mahindi na karanga zilizooza hazigeuki kuwa chakula kwa sababu ya kupewa ng'ombe. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu wa nafaka, iliua watu hapa Dodoma na jirani zetu Manyara, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hubadilika na kutokea kwenye maziwa ndani ya siku moja, na kuchemsha hakuiondoi. Anayekunywa ni mtoto wako. Zipo dawa za kushika sumu tumboni, nyingi za udongo wa bentonaiti, nazo hupunguza tu. Punje zilizoota ukungu zitupwe, pumba zikaushwe vizuri kabla ya kuhifadhiwa, magunia yawe juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukigundua ulilisha chakula kibovu, kiondoe, na maziwa ya siku nne zinazofuata usiyauze wala usiyanywe.

Mtama mchanga pia. Mtama uliochipua baada ya kukatwa, au ulionyauka kwa jua ukiwa haujafika magotini, una sumu ya sianidi. Subiri upite kimo cha kiuno, au uukate punje zikiwa na maziwa mazito na kuutia saileji, yaani kuuvundika bila hewa.

Maji tumeyaacha mwisho kwa sababu mnayajua: lita 4 hadi 5 kwa kila lita ya maziwa, juu ya yale ya mwili wake. Chotara wa lita 10 anataka lita 80 siku ya joto. Ukimpa 40, atapunguza kula kwanza, kisha maziwa, na hakuna mfuko dukani wa kufidia hilo.

Ndoo tatu zilizo pale mbele zina kinyesi cha asubuhi cha ng'ombe watatu wanaolishwa tofauti, na chujio zipo. Mjigawe makundi matatu, kila kundi lioshe ndoo yake, liandike lilichokiona, halafu mtuambie kila ng'ombe amekula nini jana.